Vidonge vya "kuamsha telomerasi": nimpe mamangu au nisimpe?

Binti_Majengo: Asalaam aleikum. Mamangu ana saratani ya mlango wa kizazi, yuko wiki ya tatu ya mionzi. Juzi jirani kaja na chupa ya vidonge, elfu sita na mia tano. Karatasi yasema "vinaamsha telomerasi na kurudisha ujana wa seli". Nilipofika ashameza viwili. Nimeificha chupa, sasa nyumba nzima yaniona mchoyo. Mwenye ujuzi anieleze: hii telomerasi ni kitu gani, na yamfaa mgonjwa wa saratani?

Kijana_Tudor: Pole. Mpe habasoda na asali tu, hayo mengine achana nayo.

Maabara_Likoni: Waaleikum salaam dadangu, mpe pole mama. Wajua leso mpya ikikatwa isikungwe? Kila ukiifua, nyuzi za ukingoni zafumuka. Kromosomu, zile nyuzi za DNA zibebazo jeni ndani ya seli, nazo zina pindo lao, ndilo telomia: herufi za DNA TTAGGG zilizorudiwa maelfu ya mara. Seli ikigawanyika pindo lapungua, mpaka siku seli inakoma kugawanyika. Telomerasi ndiye fundi wa kukunga upya. Kwa seli nyingi za mtu mzima fundi huyu hana kazi, maana jeni inayomtengeneza, TERT, imezimwa. Haijapotea, iko palepale kwenye kromosomu ya 5.

Saratani huiwasha. Takriban saratani 9 katika kila 10 zina telomerasi inayofanya kazi. Mbele ya jeni pana kipande kiitwacho promota, ambapo protini hukaa na kuamua iwake au izimwe. Mwaka 2013 watafiti wa melanoma, aina ya saratani ya ngozi, walionyesha kwamba herufi moja tu ya hapo ikibadilika, protini za kundi la ETS hupata mahali papya pa kushika, na jeni yawaka. Kwa mamako huenda njia ni nyingine. Saratani ya mlango wa kizazi karibu yote hutokana na virusi vya HPV, na protini yao iitwayo E6 hushirikiana na MYC, protini ya seli yenyewe, kuiwasha TERT. Kwa hiyo huyo muuzaji ataka kumwamsha aliye macho tangu jana! Vidonge vikifanya kazi kweli ni balaa, visipofanya ni pesa baharini.

Mzee_wa_Baraza: Basi si waizime tu hiyo telomerasi?

Maabara_Likoni: Wanajaribu, mzee wangu. Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha imetelstat, dawa ya kuizuia, lakini ni kwa aina fulani ya ugonjwa wa uboho, si huu. Tena seli mama za uboho nazo zaitumia telomerasi, na hiyo dawa yaweza kushusha chembe za damu. Kuna pia saratani zinazorefusha telomia bila telomerasi kabisa.

Mama_Zuhura: Mwanangu, usiende kueleza kwa mdomo. Beba chupa na karatasi yake umwonyeshe daktari wa mionzi. Na mamako usimgombeze, mtu akiumwa hushika hata unyasi. Wangu alikuwa akificha mizizi chini ya mto. Kama mna msichana wa miaka 10 hapo nyumbani, mpelekeni chanjo ya HPV, huku Kenya serikali yaitoa tangu 2019.

Binti_Majengo: Shukran nyote. Leo nimeibeba. Daktari kaipiga picha, kaandika kwenye faili, kasema mama aviache. Kesho nampeleka mdogo wetu akachanjwe. Sasa jirani yuko mlangoni adai nusu ya pesa iliyobaki.