Kwa nini Wamarekani hupiga kura Jumanne, siku ya kazi?

Swali
Ndugu zangu, naomba maoni yenu kuhusu jambo linalonisumbua kila uchaguzi mkuu wa Marekani unapofika: kwa nini taifa linalojivunia demokrasia hupiga kura Jumanne, siku ambayo mfanyakazi anayelipwa kwa saa hulazimika kuchagua kati ya ujira wake na foleni ya kituoni? Mimi naona ni dhuluma kwa maskini.

Jibu la kwanza
Chimbuko lake ni sheria ya mwaka 1845, iliyoweka Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba kwa sababu wakulima walikuwa wamekwisha kuvuna, Jumapili ilikuwa ya ibada, na wengi walihitaji siku nzima ya safari kwa farasi hadi makao ya kaunti. Wapiga kura hao, na hili lisisahaulike, walikuwa wanaume, karibu wote weupe. Sababu hizo zimekwisha, sheria imebaki.

Jibu la pili
Nakubaliana nawe, ndugu muulizaji, ila ugumu huo haufanani kila mahali. Oregon hupiga kura kwa posta, na California na New York humtaka mwajiri atoe muda wa kupiga kura bila kukata ujira. Kinachoniuma ni kwamba haki hiyo hutegemea jimbo unaloishi.

Muulizaji
Ahsanteni. Hata hivyo, bado ningependa Bunge la Marekani liitangaze siku hiyo kuwa sikukuu ya taifa, ingawa najua wauguzi na wauzaji wa madukani hufanya kazi hata siku za sikukuu.