Mjadala: Je, mchezo wa Master of Magic ufutwe kwenye kompyuta za vijana kwa sababu una uchawi?

Wanajamvi, hamjambo. Ninaleta hapa suala ambalo limetugawa sisi tunaosimamia chumba cha kompyuta cha vijana katika kanisa moja hapa Nakuru. Baadhi ya wazazi wameiomba kamati iufute mchezo wa Master of Magic, kwa hoja kwamba mchezo ambao mchezaji mwenyewe ni mchawi hauna nafasi chini ya paa la kanisa, tena mbele ya watoto wanaojiandaa kwa kipaimara. Mimi hufundisha hapo siku za Jumamosi, na msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: mchezo ubaki, na kinachopaswa kutushughulisha ndani yake si uchawi bali ni namna unavyozichukulia mbari, yaani aina mbalimbali za watu waliomo mchezoni.

Kwa wasioujua, na ni wengi, mchezo huu ulitengenezwa na kampuni ya Simtex ya Marekani chini ya Steve Barcia, ukatolewa na kampuni ya MicroProse mwaka 1994 kwa kompyuta za DOS, mfumo wa zamani uliotangulia Windows. Ulitoka na hitilafu nyingi zilizorekebishwa baadaye, na kwa maoni yangu hilo ndilo lililoufanya ufunikwe na michezo ya Civilization ya 1991 na Heroes of Might and Magic ya 1995, ingawa kwa kina hauzidiwi na wowote kati ya hiyo. Mchezaji huanza na mji mmoja mdogo, akaujenga, akatuma walowezi, akaajiri mashujaa wanaopanda vyeo kadiri wanavyopigana, na akashindana na wachawi wengine hadi wanne katika dunia mbili, Arcanus na Myrror. Kila kitu huenda kwa zamu, kwa hiyo kuna wakati wa kufikiri. Unachezeka bila intaneti kwenye mashine ambazo ofisi zilikwisha kuzitupa, nakala yetu ilinunuliwa kihalali kwa dola chache, na ndani yake hamna tangazo wala mahali pa kuweka dau, jambo ambalo si dogo kwa vijana waliozungukwa na kamari za simu.

Siichukulii hoja ya wazazi kuwa ushamba. Katika sehemu zetu hizi tuhuma za uchawi huua. Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati uliowatuhumu kuwa wachawi, na hawakuwa wa kwanza. Mama mwenye asili ya huko akisikia mwanawe akisimulia kwamba Jumamosi alikuwa mchawi, ana kila sababu ya kushtuka.

Lakini tuutazame uchawi wenyewe ulivyo mle ndani. Kinachowaua bibi zetu ni imani kwamba kuna nguvu iliyofichika, isiyo na kipimo, ambayo jirani anaweza kuitumia usiku bila kuacha ushahidi, hivyo kila msiba unatafutiwa mtu wa kubebeshwa. Katika Master of Magic nguvu ina kipimo na ina bei. Kuna ukurasa wenye fimbo tatu, na mchezaji huigawa nguvu yake ya kila zamu kati ya fimbo hizo: moja ni akiba ya kutumia, inayoitwa mana, nyingine ni utafiti wa matabano mapya, na ya tatu ni ustadi wa kuyatamka. Ukiipandisha moja, nyingine hushuka. Viumbe unaowaita hula mana kila zamu wakiwa hai, na tabano kuu linalompa mtu ushindi, likishaanza kutamkwa, hutangazwa kwa wachawi wote, nao humgeukia aliyelianza. Nimemwona binti wa kidato cha pili akichora jedwali nyuma ya daftari lake la hisabati, safu moja ya mana inayoingia na nyingine ya mana inayotoka, ili ajue kama anaweza kulifuga joka huku utafiti wake ukiendelea. Sioni ni vipi mtoto aliyezoea kuuliza nguvu imetoka wapi na imegharimu nini atakuwa mwepesi zaidi wa kuamini kwamba bibi kizee fulani aliua ng'ombe kwa kumtazama.

Nyanja za uchawi ni tano, na mwanzoni mchezaji hupewa nafasi 11 za kuchagua vitabu na vipawa. Akichukua kitabu kimoja cha Uhai, hawezi tena kuchukua vya Mauti, na kinyume chake. Upande wa Mauti una mazombi na maiti wanaofufuliwa, na baadhi ya wachawi wamepewa majina ya miungu, kama Horus wa Misri na Kali wa Uhindi. Mzazi anayesema hayo hayamfai mtoto wa gredi ya nne nakubaliana naye kabisa, na umri uwekwe.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kamati haikuligusa. Mchezo una mbari 14, na wakazi wa kila mji ni wa mbari moja. Mbari ndiyo huamua watu hao wanaweza nini: watu wafupi waitwao Halfling hulima kuliko wengine, Dwarf huvuna zaidi kwenye migodi, ilhali Lizardman, watu wa umbo la mjusi ambao huvuka maji bila mashua, hawaruhusiwi kamwe kujenga chuo kikuu, hata utawale vizuri namna gani. Ukiuteka mji, wakazi wake hukupokea kulingana na mbari ya mji wako mkuu. Halfling huvumilia karibu kila mtawala. Dark Elf humchukia karibu kila mgeni, na chuki hiyo hujitokeza kama waasi wasiofanya kazi wala kulipa kodi. Kiwango hicho kimewekwa tangu mwanzo, na mtawala mwema na mtawala katili huanza nacho sawasawa.

Tuko Nakuru, jamani. Januari 2008 uwanja wetu wa maonyesho uligeuka kambi ya watu waliofukuzwa makwao, na nchini kote waliouawa katika ghasia zile za baada ya uchaguzi walizidi 1,100. Wengi wa vijana tunaowafundisha hawakuwa wamezaliwa, lakini wanajua nyumba ipi mtaani iliuzwa haraka na kwa nini. Kijana mmoja alipouteka mji wa Dark Elf na kuona wakazi wanaasi, alimwambia mwenzake, "Hao ndivyo walivyo, hawatawaliki," na hapo nikamwomba asimame kidogo. Nilimuuliza kodi ameiweka kiasi gani. Alikuwa ameipandisha ili alipe majeshi. Akaishusha, akajenga madhabahu na baadaye hekalu, akaacha vikosi viwili mjini, na katika ile safu ya vijipicha vya wakazi juu ya ukurasa wa mji, waasi wakageuka wafanyakazi mmoja baada ya mwingine. Hawakuisha wote. Nikamweleza kwamba wale waliobaki waliandikwa kwenye jedwali na watengenezaji wa mchezo walioketi ofisini Austin, Texas, na tukazungumza, kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kuhusu ni nani huyaandika majedwali ya namna hiyo huku kwetu na hupata nini kwa kuyaandika.

Mtu atasema kwamba hiyo basi ndiyo sababu ya kuufuta. Mimi naona kinyume. Maneno kwamba watu fulani "ndivyo walivyo" vijana wanayasikia nyumbani na matatuni, yakisemwa nusu nusu, na hawana pa kuyapimia. Hapa yamewekwa kwa namba, mbele ya macho yao, na yanaweza kuulizwa maswali mradi mtu mzima aketi karibu. Bila mtu huyo, nakiri kwamba ningesita.

Nyongeza baada ya kusoma michango yenu:

Aliyeuliza kwa nini tusitumie toleo jipya la kampuni ya MuHa Games la mwaka 2022, mashine zetu haziliwezi. Aliyependekeza ajua, mchezo wetu wa mashimo na kete kama bao, badala yake, tunaicheza, na naipenda. Tatizo ni kwamba shimo la ajua halina mkazi wa kukasirika kodi ikipanda.

Katekista aliyeandika kwamba hesabu si hoja, maana mtoto bado anatamka kwa kinywa chake kuwa yeye ni mchawi, amenigusa, na sina jibu la kumridhisha. Ninachoomba ni kwamba uamuzi usitolewe na watu ambao hawajauona mchezo wenyewe. Kamati itakaa Jumapili baada ya misa ya pili, na nimeomba kompyuta moja iwashwe ili kila mjumbe acheze zamu kadhaa, akisaidiwa na binti yule mwenye jedwali. Walio Kisumu na Kakamega wenye vyumba kama chetu, tafadhali tuandikieni kabla ya siku hiyo umri mliouweka na ni nani huketi na vijana wanapocheza.