Mnaofanya kazi za mikono kutwa nzima, vitabu mnasoma saa ngapi?

Sindano_na_Uzi:
Wakuu habari zenu. Hili swali nimekaa nalo muda sasa nikaona bora nililete hapa, maana kazini nikiligusia najibiwa kwa mkato tu kwamba kusoma ni mambo ya wanafunzi na wastaafu.

Mimi niko chumba cha kumalizia nguo, yaani zikitoka kwa washonaji wa mashine zinakuja kwetu tunakata nyuzi, tunashonea vifungo, tunakagua mishono, tunapiga pasi na kukunja. Kazi ya kukaa. Ukishaizoea mikono inakwenda yenyewe, unapitisha sindano tundu la kwanza la pili unazungusha uzi chini ya kifungo unakaza unakata, na akili iko mbali kabisa. Chumba chetu kimetulia kwa sababu mashine ziko upande mwingine wa jengo.

Shida yangu ni jioni. Napenda sana riwaya na historia, toka utotoni, na sitaki mapenzi hayo yafe kwa sababu tu nimeajiriwa. Lakini ukishafika nyumbani ukaoga ukala ukaongea na watu wako, ukifungua kitabu macho yanauma, mstari mmoja unaurudia mara tatu na bado hujui umesema nini. Macho ndo yanachoka kuliko mgongo, fikiria kutwa unafuatisha uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi.

Sasa naomba kuuliza mambo mawili. Kwanza, kusikiliza kitabu kikisomwa ni kusoma kweli au ni kujifariji? Pili, kuna mahali watu waliunganisha kazi na kusoma ikawa desturi ya wote, sio juhudi za mtu mmoja? Ushauri wa kuamka alfajiri nimeshapewa sana, kwangu alfajiri ni ya watoto.

Zamu_ya_Usiku:
Pole dada. Mimi ni mlinzi nasoma kazini, kati ya raundi na raundi, na nimesoma vitabu vingi kwenye lindo kuliko nilivyosoma shule. Ila kazi yangu inayaacha macho huru, yako inayachukua yote, kwa hiyo ushauri wangu hautakufaa. Kuhusu swali la kwanza, mimi naona kusikiliza ni kusoma. Kama unaweza kunisimulia kitabu kilivyokwenda na ukabishana na mimi juu ya mwisho wake, umekisoma.

Bibi_wa_Rafu:
Mwanangu Sindano, umenigusa. Nimefanya kazi maktaba maisha yangu yote ya ajira na swali lako la pili lina jibu zuri sana, kaa nikueleze.

Nenda Cuba, Havana, mwaka 1865. Kule viwanda vya tumbaku vilikuwa na kumbi kubwa, watu wamekaa kwenye safu za meza kama darasani, kila mmoja ana ubao wake na kisu chake kipana chenye ukingo wa kupinda, anaviringisha majani kutengeneza zile sigara kubwa. Kazi ya mikono tupu, hamna mashine hamna kelele, na ni ileile kuanzia asubuhi mpaka jioni. Ndo mtu mmoja aitwaye Saturnino Martínez, yeye mwenyewe akifanya kazi ya tumbaku na akihariri gazeti la wafanyakazi lililoitwa La Aurora, akawa miongoni mwa walioanzisha desturi ya mtu mmoja kuwasomea wengine wakiwa kazini. Kiwanda kinachotajwa kuwa cha kwanza ni El Fígaro. Na hapa nataka uangalie sana mwanangu, mwanzoni msomaji alikuwa ni mwenzao tu, na kwa kuwa akiwa anasoma haviringishi chochote na malipo yanakwenda kwa idadi ya kazi, wenzake walimchangia kufidia alichokosa. Tajiri hakutoa kitu, wasikilizaji ndo walimlipa.

Baadaye ikawa kazi kamili ya mtu. Msomaji anajengewa jukwaa dogo la mbao lililoinuka ili sauti ifike mpaka safu ya nyuma, asubuhi anasoma magazeti, baadaye riwaya, sura baada ya sura, na riwaya ipi isomwe wanaamua wenyewe kwa kura. Mwandishi wa Ufaransa, Victor Hugo, walimpenda mno. Wakifurahia msomaji wanagonga ubao kwa vile visu vyao, hebu vuta picha mamia ya visu vinagonga mbao kwa pamoja. Hata sigara za Montecristo zinasemwa zilipata jina kwenye riwaya ya Alexandre Dumas iliyopendwa sana humo ndani ya kumbi.

Wakubwa walielewa upesi maana yake. Mwaka 1866 tu serikali ya kikoloni ya Hispania ikapiga marufuku, wakisema inavuruga kazi, kumbe hofu yao ilikuwa watu waliokaa pamoja wakisikia habari za dunia. Desturi ikarudi, ikazuiwa tena, ikarudi. Wafanyakazi waliohamia Florida, Marekani, waliibeba mpaka mji wa Tampa, na José Martí alipofika huko mwaka 1891 kuutafutia uhuru wa Cuba msaada, alikuta watu ambao wengine hawajui kuandika jina lao lakini wanachambua siasa na fasihi kwa kina. Kwa sababu walikuwa wanasomewa kila siku ya kazi! Hii sehemu kila nikiisimulia inanipa nguvu.

Tampa iliisha vibaya. Mwaka 1931 wenye viwanda waliwatoa wasomaji wakidai wanaeneza siasa za kikomunisti, wafanyakazi wakagoma, wakashindwa, na mahali pa msomaji pakawekwa redio. Cuba yenyewe bado wanasoma mpaka leo, siku hizi kwa kipaza sauti.

Na kuhusu kama kusikiliza ni kusoma, Mtakatifu Augustino aliandika, ni zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, jinsi ilivyomvutia kumwona Askofu Ambrosi wa Milano akisoma kimya, macho yanapita kwenye kurasa na sauti imetulia. Kilichomfanya akiandike ni huo ukimya, maana enzi hizo kusoma kwa sauti lilikuwa jambo la kawaida. Kwa hiyo usikubali mtu akwambie kitabu kinaingia kwa macho peke yake.

Sindano_na_Uzi:
Bibi shikamoo, na asante kwa moyo wote. Nimesoma hii kwenye mapumziko nikawasomea wenzangu watatu hapahapa mezani, wakanyamaza kabisa, halafu mmoja akauliza huyo msomaji alikuwa analipwa kiasi gani. Kumbe ukimya wa chumba chetu ni mali na tulikuwa hatujui.

Hesabu_Kali:
Samahani, mimi natofautiana kidogo, na nasema kwa nia njema. Niko ofisini, naingiza data, namba kwenye eksel kutwa. Nilijaribu vitabu vya kusikiliza na haikuwezekana, kwa sababu sehemu ileile ya kichwa inayoshika namba ndo inayoshika maneno, ukiipa vyote viwili kimoja kinadondoka. Kwa hiyo habari ya Cuba ni nzuri mno lakini tusiseme inafaa kila kazi, inafaa pale mikono inapojua njia bila kuuliza kichwa.

Lingine, na hili ndo linaniuma zaidi. Dada anasema hapati muda jioni, sisi tunamjibu kwa kumwingizia kitabu ndani ya muda wa mwajiri. Sawa, ila muda wake mwenyewe umekwenda wapi? Vyama vya wafanyakazi vilidai saa nane za kazi, nane za kulala na nane za mtu kufanya anachotaka, na mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, mwaka 1919, ulikuwa ni huo huo wa saa nane kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Zaidi ya miaka mia imepita na bado ovataimu na safari ya kwenda na kurudi vinameza zile nane za mwisho. Nataka dada asome kazini akiweza, lakini nataka na jioni yake irudi. Kuna vitabu vinataka utulie peke yako, urudi ukurasa wa nyuma, uchore mstari chini ya sentensi. Ukumbini huwezi kumwambia msomaji rudia, mia wengine wanataka kujua nani kafa.

Bibi_wa_Rafu:
Hesabu mwanangu una haki, na wale wa Cuba nao walipigania saa. Walitaka yote mawili. Nami sina ugomvi na kusoma peke yako, ni tamu kuliko nitakavyoweza kueleza, ila kwa mtu ambaye macho yake yamekwisha tumika siku nzima, peke yako maana yake mara nyingi ni hakuna kabisa.

Mfumaji_wa_Jioni:
Naomba niongeze na Iceland kwa sababu mimi nafuma masweta na hii desturi yao naipenda. Kule majira ya baridi usiku ni mrefu sana, na zamani watu wa nyumba moja, wenye nyumba na vibarua na watoto, walikuwa wanakaa chumba kimoja jioni kila mtu na kazi yake ya sufu, huyu anachambua, huyu anasokota, huyu anafuma. Kikao hicho walikiita kvöldvaka. Mmoja wao anakaa karibu na taa anawasomea, mara visa vya kale vya mababu zao mara mashairi marefu ya vina yanayoimbwa kwa mahadhi yanayoitwa rímur, na wakati mwingine mgeni anayejua kuimba vizuri anakaribishwa kulala na kula kwa ajili ya hiyo kazi. Taa zenyewe zilikuwa za mafuta ya samaki au wanyama wa baharini, hafifu, na hapa nataka dada Sindano asikie, kufuma unaweza kwa kupapasa lakini kusoma lazima mwanga, kwa hiyo mwanga anapewa mmoja na wengine wote wanasoma kupitia kwake. Imekwenda hivyo karne na karne mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, watu walipohamia mijini na kazi ya sufu ikatoka majumbani, na ile desturi ikafifia.

Ninachokiona mimi ni kwamba desturi haikufa kwa sababu watu waliacha kupenda hadithi, kazi iliyokuwa imeibeba ndo iliondoka. Na ya Cuba imedumu kwa sababu zile sigara bado zinaviringishwa kwa mkono. Kwa hiyo wewe mwenye kazi inayobeba usiiachie, wengi hatuna.

Jambo la utaratibu, msije mkasema kila mtu aweke spika zake za masikioni asikilize chake kwenye simu. Inasaidia ndiyo, lakini hapo umerudi kuwa mtu mmoja mwenye juhudi, na hamtakuwa na cha kubishania mkitoka. Sauti moja, chumba kizima.

Zamu_ya_Usiku:
Naunga mkono hilo la kubishania. Mimi nasoma peke yangu usiku na kinachoniuma ni kumaliza kitabu kizuri saa tisa usiku halafu hamna wa kumwambia.

Sindano_na_Uzi:
Nimerudi. Leo tumeongea mezani, watu saba. Watano wanataka, mmoja anasema sawa mradi isiwe kitabu cha mahubiri wala cha siasa za vyama, mmoja anaogopa supavaiza. Tumekubaliana tunasoma kwa zamu, kila mtu nusu saa, na vipande atakavyopungukiwa msomaji tunagawana tunavifanya sisi, kama wale walivyofanya, kwa sababu na sisi malipo yetu yanahesabiwa kwa kipande. Yupo mama mmoja hajui kusoma vizuri, aliposikia zamu akainama kidogo, nikasema yeye atakuwa mwamuzi wa kura, na zamu yake ya vipande tunaichukua kama kawaida ili naye apumzishe macho. Alifurahi. Kitabu cha kwanza bado tunavutana, mimi nataka historia wao wanataka mapenzi na mauaji.

Hesabu, maneno yako ya jioni nimeyachukua pia. Kuna ovataimu ya Alhamisi ambayo si lazima, nimekuwa nikiipokea kwa mazoea. Kuanzia wiki ijayo naiacha.

Kilichobaki ni supavaiza. Si mtu mbaya ila neno lake ni moja tu, kasi. Nimwambieje?

Bibi_wa_Rafu:
Marahaba mwanangu. Wape mapenzi na mauaji kwanza, historia itapata kura yenyewe wakishazoea kukaa wakisikiliza.

Hesabu_Kali:
Usimweleze habari za Cuba wala kupenda vitabu, hatakusikia. Mwombe saa moja tu kwa siku, wiki moja, saa ileile ya mchana ambayo watu huanza kusinzia. Ahesabu vipande mwenyewe na nguo zenye kasoro pia ahesabu, kabla na baada, aandike kwenye daftari lake sio lako. Zikishuka mnaacha na mnabaki na mapumziko ya mchana, hayo ni yenu hana la kusema. Na siku ya kwanza msisome wewe, asome yule anayeogopa.