Mlokole akichaguliwa mrithi kwenye olumbe: avae lubugo au akatae?

Mwenye mada, Jinja

Bwana asifiwe. Sichokozi mtu, nimebanwa kweli. Baba tulimzika mwaka jana. Mwezi ujao familia inafanya olumbe, siku ya kuupasua msiba na kumsimika mrithi, na wazee wa ukoo wamenichagua mimi. Ni mtoto wa tatu, nimeokoka, naongoza kikundi cha maombi. Kwa wasio Waganda: mrithi husimamishwa mbele ya ukoo, akafungwa lubugo begani (kitambaa cha gome la mutuba), akakabidhiwa mkuki, na tangu hapo hata kaka yake mkubwa humwita baba.

Mchungaji wangu kasema ukivaa hilo gome usipande tena madhabahuni. Hakunitajia mstari wowote. Ssenga (shangazi) naye kasema ukikataa usije kulia kwenye makaburi yetu.

Wako wanaodhani tunagombea mali. Mali gani? Sheria ya mirathi iliyorekebishwa 2022 inampa mrithi wa kimila asilimia 1 ya mali ya aliyekufa bila wosia. Watoto wote kwa pamoja wanapata 75, mjane 20, na jamaa wengine waliomtegemea marehemu 4. Kizito ni vile vinavyofuatana na hiyo asilimia 1: karo za wadogo, ugomvi wa dada na shemeji, kukaa mbele kwenye kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba) ya kila binti wa nyumba, kumtafuta kaka aliyepotelea kwenye pombe. Hiyo ni kazi ya uchungaji, isipokuwa haina sadaka.

Naona nikubali lubugo na mkuki, nikatae pombe ambayo kwetu humwagwa kaburini alfajiri. Katika Biblia, Naamani, jemadari wa Shamu, alimwomba nabii Elisha radhi kwamba atainama katika nyumba ya mungu Rimoni pale bwana wake anapoegemea mkono wake, na Elisha akamwambia aende kwa amani. Mnasemaje?

Dada wa Mukono

Naamani aliinama kwa ajili ya bwana wake. Wewe unasimikwa mwenyewe, ndugu. Usijifiche nyuma yake.

Mimi nilichaguliwa kumrithi ssenga mwaka 2011, nikakataa. Miaka minne hakuna aliyenialika hata kwenye ubatizo wa mtoto. Iliuma, sitadanganya. Lakini kila 3 Juni tunatembea hadi Namugongo, walikouawa mashahidi wa imani wa Uganda, na mmoja wao ni Mbaga Tuzinde. Mukajanga, mkuu wa wauaji wa Kabaka (mfalme wa Buganda), ndiye aliyemlea kama mwanawe. Mwaka 1886 akambembeleza akane au akubali kufichwa, kijana akakataa. Tunamsifu Mbaga barabarani, tukifika nyumbani tunamwogopa ssenga!

Katekista mstaafu, Masaka

Mwanangu, Mbaga aliambiwa amkane Kristo. Wewe nani kakwambia umkane? Gome ni nguo. Wafu wetu tunawazika nalo, walokole wakiwemo, na sijasikia mchungaji akilivua jeneza. UNESCO wameliandika katika orodha ya urithi wa binadamu tangu 2008, sisi wenye mituba shambani ndio tunaliita la shetani. Kwetu Wakatoliki mara nyingi misa husomwa asubuhi hiyohiyo na padri humwombea mrithi.

Ila nikuulize jambo ambalo hukuligusa. Usiku wa kuamkia siku hiyo utakuwa wapi? Lubugo hufungwa mchana, kila mtu anaona. Nimehudhuria olumbe nyingi kuliko nywele nilizobakiwa nazo, na walioharibikiwa waliharibikiwa usiku, pombe imeshazunguka na wazee wanaanza kudai hiki na kile. Kaa na mkuu wa ukoo wiki mbili kabla. Mwambie pombe ya kaburini hutaigusa, na umwambie mbele ya mashahidi. Ukingoja alfajiri umeshindwa.

Mwenye mada, Jinja

Asante mzee, hilo la wiki mbili nalichukua. Dada, umenichoma. Lakini hata uamsho wa walokole ulipita kwenye undugu wa damu. Simeoni Nsibambi, mmoja wa waanzilishi wake, alimleta mdogo wake Blasio Kigozi kwenye wokovu, na Blasio akaenda kuhudumu Gahini, Rwanda, karibu hadi kifo chake mwaka 1936. Nsibambi angekuwa amekata ndugu zake, angempata wapi Blasio?

Dada wa Mukono

Alimpata kwa kushuhudia, hakumpata kwa mkuki.

Mwenye mada, Jinja

Kweli. Ila mimi yule kaka yangu mlevi hanisikilizi kama ndugu mdogo. Akiniita baba, labda.

Mama wa Tororo

Nimesoma yote. Kuna Naamani, kuna Mbaga, kuna Nsibambi, mke wako sijamwona. Mrithi huletewa kesi saa nane usiku. Nani atakayeamka kuwasha jiko? Wajomba wakileta watoto wanne wa marehemu fulani, watalala chumba gani? Mume wangu ni mrithi wa baba yake mwaka wa kumi na moja huu, najua ninachokisema. Huduma ya nyumbani ianze na aliye kitandani kwako, halafu ndiyo uende kwa ukoo.

Mwenye mada, Jinja

Mama, nimeona aibu. Kweli sikuwa nimemuuliza. Nimemuuliza jana usiku.

Alinyamaza muda mrefu, akaniuliza watoto wa dada yangu ni wangapi. Nikamwambia watano. Akasema atakuja kwenye olumbe, na chai ya wakeshaji ataipika yeye, ila pombe isiingizwe jikoni kwake, na wale watoto tusiwachukue wote siku moja. Kuhusu lubugo hakusema lolote.

Leo asubuhi nimempigia ssenga kumfikishia hilo la jikoni. Hajapokea.