Mama hataki vidonge vya presha vya bei chee, na daktari kamuunga mkono. Nifanyeje?

Mzee wa Zabibu
Mbukwenyi wakuu. Bi mkubwa wangu yuko Mpwapwa, ana miaka 67, presha anayo siku nyingi. Zahanati walikuwa wanampa amlodipine. Mwaka huu nikamleta Dodoma mjini, hospitali moja binafsi, daktari akamwandikia Norvasc na kumwambia, "Mama, usikubali kubadilishiwa." Kila mwezi inanitoka elfu arobaini na ushee. Mwezi uliopita famasi ya Majengo wakanipa ya India kwa elfu nne, eti ni ileile. Mama kaigeuzageuza mkononi, kaniuliza kama nimeanza kumchoka. Sasa miguu imemvimba, anasema si unaona, dawa feki hiyo. Nimsikilize nani, daktari au muuza dawa?

Kibaigwa Boy
Mama yako kakuuliza swali zuri 😂

Daktari wa Zamu
Mkuu, mimi asubuhi niko serikalini, jioni nashika zamu binafsi. Asubuhi naandika amlodipine, maana mwongozo wa matibabu unataka jina la jenereki, yaani jina la dawa yenyewe. Jioni mkono huohuo unaandika Norvasc, dawa ileile kwa jina la kampuni. Wengine ni mazoea, wengine mawakala wa kampuni wanatupitia kila mara na kalamu na sampo. Na wapo waliowahi kuona presha ya mgonjwa imegoma, akabadilishiwa dawa ikashuka. Ukiliona hilo mara moja hulisahau, hata kama kilichobadilika ni chumvi tu kwenye chakula chake.

Mama Nkuhungu
Mimi simlaumu mama. Mwanangu ana kifafa, anatumia fenitoini, na daktari alinikataza kabisa kuchanganya kampuni. Tulipobadilishiwa bila kuambiwa, alianguka mara mbili ndani ya wiki.

Mfamasia wa Mtaa
Mama Nkuhungu, pole, na alikushauri sawasawa. Fenitoini na warfarini ni dawa ambazo tofauti ndogo tu kwenye damu inaleta shida, kwa hiyo usihame kampuni kimyakimya. Amlodipine haiko kundi hilo. Hataza ya mgunduzi, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, ikishaisha, wengine wanaruhusiwa kutengeneza, na bei inashuka kwa sababu hawalipii tena utafiti wa mwanzo. Lakini lazima waonyeshe kwamba dawa yao inaingia kwenye damu kama ile ya kwanza. TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, ndio wanaosajili, na mwaka 2018, ikiwa bado inaitwa TFDA, ilifikia ngazi ya tatu kwenye vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya usimamizi wa dawa. Hata zile za serikali zenye alama ya GOT, alama ile ni ya kuzuia wizi, siyo kwamba zimepunguzwa nguvu.

Ila Mzee wa Zabibu, hiyo miguu inanisumbua. Amlodipine yenyewe inaweza kuvimbisha miguu, Norvasc na ya India vilevile, hasa dozi ikipanda. Zile za Norvasc ziliisha? Mwulize mama anameza nini asubuhi na nini usiku. Usimwulize kama "anatumia dawa vizuri", atakujibu ndiyo.

Mzee wa Zabibu
Dah. Nimempigia dada aliye naye nyumbani. Asubuhi anameza ya India, "maana mwanangu ataniuliza." Usiku anameza Norvasc alizokuwa amezibakiza kwenye kopo la chai, "ili iwepo inayofanya kazi." Zote mbili zimeandikwa 10 mg.

Mfamasia wa Mtaa
Basi anakunywa 20, na mwisho kwa siku ni 10. Usiku wa leo asimeze, na dada asimwachishe zote kwa hasira. Wampeleke akapimwe presha leo hii, na waende na maboksi yote mawili.

Daktari wa Zamu
Naongezea: akisikia kizunguzungu au akizimia, ni hospitali moja kwa moja, hata kama ni usiku. Na yule daktari alimwandikia jina la boksi bila kumwambia jina la dawa. Angejuaje kwamba ni kitu kimoja?

Mzee wa Zabibu
Wako kwenye bodaboda wanaelekea kituo cha afya. Kopo la chai dada kalibeba hivyohivyo, mama kagoma kulifungua.