Amani ya Kongo inasainiwa Doha na Washington. Tanzania tumekaa wapi?

Wakuu,

Juni 27, 2025 Kongo na Rwanda walisaini Washington. Julai 19, Kinshasa na M23, waasi wa mashariki mwa Kongo, wakasaini tamko lao Doha. Desemba 4 marais wenyewe wakaenda Washington, na wino haujakauka vizuri M23 wakaingia Uvira, mji wa mashariki mwa Kongo. Februari ya mwaka huohuo EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki) na SADC (jumuiya ya kusini mwa Afrika) walikutana kwa pamoja Dar es Salaam kuhusu Kongo. Leo nani anautaja mkutano ule?

Msiniambie ni mambo ya wakubwa. Dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, wanaliwa Kongo. Mji wa Goma ulipoanguka mikononi mwa M23 Januari 2025, benki zilifungwa na uwanja wa ndege ukafungwa. Mteja wa kule apitishie wapi hela?

Na turufu tunayo: mizigo mingi ya Rwanda inapita bandari ya Dar, ya Kongo nayo vilevile. Anayetegemewa na pande zote mbili hasubiri kualikwa. Semeni.

Jibu la kwanza
Mkuu, kwa Kigali sisi tuna upande. 2013 vijana wetu walikuwemo kwenye brigedi ya UN iliyowatimua M23, na mwaka huohuo Kikwete akashauri Rwanda izungumze na FDLR, waasi wa Kihutu wanaoipinga Kigali. Unakumbuka uhusiano ulivyochacha. Juzi tena tulikuwa Kongo na jeshi la SADC, pamoja na Afrika Kusini na Malawi, hadi SADC ilipolisitisha Machi 2025. Bandari ukiigeuza fimbo, malori yatahamia Mombasa, watakaolia ni watu wa Isaka na Rusumo.

Jibu la pili
Vijana, kuwa mwenyeji si dhamana. Serikali ya Rwanda na waasi wa RPF walisaini amani Arusha Agosti 1993. Mwaka uliofuata Ngara ikapokea wakimbizi wapatao laki mbili na nusu kwa siku moja hivi, na Mto Kagera ukaleta maiti humu ziwani. Amani ya Burundi, nayo ya Arusha, ilishika kidogo kwa sababu watu walikaa: Mwalimu alifariki Oktoba 1999 kazi ikiwa katikati, Mandela akaipokea, wakasaini Agosti 2000. Washington hawana muda huo.

Mleta mada
Mzee wangu, shikamoo. Hapo kwenye kukaa ndipo ninapopataka.

Mkuu wa kwanza, sijasema tufunge bandari. Na hilo la upande, mbona Marekani hawaulizwi? Wanataka madini, wamesema waziwazi, na meza ni yao. Sisi tuanze na dogo: njia ya malipo na mizigo hadi Goma, isimamiwe na EAC, kikao kiwe hapahapa Mwanza. Kongo na Rwanda wote ni wanachama. Kigali inataka biashara, wananchi wa Goma wanataka chakula.

Kinshasa itasema huko ni kuwahalalisha M23, na si hoja ya kupuuzwa. Mwenye jibu la hapo alilete.