Pete ya tanzanite imefifia: niipeleke kwenye mashine ya sonara au niioshe mwenyewe?

Mama Nasri
Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri. Nina pete ya dhahabu niliyovalishwa na mama mkwe siku ya harusi. Katikati ina tanzanite, pembeni vialmasi vidogo vidogo. Siku hizi bluu haiwaki kabisa, na vialmasi vimepauka kama chumvi ya mawe. Sivui: nakanda nayo chapati, napaka nayo mafuta ya nazi, namwogesha nayo mtoto.

Wifi yangu anasema nichemshe maji, nitie magadi na pete humo humo. Dada wa saluni anasema dawa ya meno. Sonara wa mtaani kwetu ana mashine ya kuoshea inayotetema, anasema ni dakika chache tu inatoka mpya. Nimsikilize nani? Pia nina hereni za lulu, zinaoshwa vipi?

Kibopa wa Ilala
Dawa ya meno, dada. Mimi saa yangu naisugua nayo inawaka balaa.

Fundi Vito AR
Mkuu, saa yako ni chuma. Dhahabu ni laini, na dawa ya meno ina chembe za kukwangua. Inang'aa leo, baada ya muda unaona michirizi tu.

Mama Nasri, hao watatu wote waache. Mimi nakata mawe hapa Arusha. Shida yako ni mafuta. Almasi haishiki maji lakini grisi inaivuta sana. Kimberley, Afrika Kusini, waliwahi kuipata almasi kwa njia hiyo hiyo: mchanga na maji vinapitishwa juu ya meza iliyopakwa grisi, mawe mengine yanateleza yanaenda zake, almasi inanasa. Sasa wewe kila siku unaipaka mafuta ya nazi halafu unaifuatishia unga wa chapati. Uchafu unajaa chini ya jiwe, mwanga unakosa pa kupita, unadhani jiwe limechuja.

Lakini usiifuate almasi kwa sababu ndiyo ngumu kuliko yote. Mwenye pete ni tanzanite. Kwa kipimo cha ugumu, almasi ni 10, tanzanite iko kati ya 6 na 7. Mchanga wa kawaida unafika 7, maana yake vumbi la barabarani linaweza kulikwaruza. Kwa hiyo usilifute likiwa kavu, hata kwa kitambaa laini. Maji kwanza.

Pia tanzanite ina upande mmoja ambao ukiguswa vibaya inapasuka moja kwa moja, kama ina ufa mdogo ndani ndiyo kabisa. Mashine ya mtetemo inautafuta ufa huo. Mvuke na maji ya moto vilevile. Nimeshaletewa jiwe lililoingia kwenye mashine likiwa zima likatoka vipande viwili, na mwenyewe hakuwa na la kufanya.

Fanya hivi. Chukua bakuli, usioshee kwenye sinki, tundu la sinki limekula pete nyingi mjini hapa. Maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya maji ya vyombo, loweka kama dakika kumi. Tumia mswaki laini wa mtoto, na kazi kubwa iwe chini ya jiwe, kule kwenye uwazi wa nyuma, siyo juu. Suuza kwenye bakuli lingine la maji ya uvuguvugu, siyo ya bombani yenye baridi, kisha kausha kwa kitambaa cha pamba. Jik usiiguse ukiwa na pete, klorini inashambulia madini yanayochanganywa na dhahabu.

Mdadisi77
Fundi hapo umenichanganya. Tanzanite si inachomwa kwenye tanuru ndiyo iwe bluu? Sasa maji ya moto yataifanya nini?

Fundi Vito AR
Swali zuri. Nyingi zinatoka Mererani zikiwa na rangi ya kahawia, zinachomwa kwenye nyuzijoto 500 na kitu. Ila moto unapandishwa taratibu na jiwe linaachwa lipoe taratibu, tena ni jiwe lililokaguliwa. Kinacholiua ni mabadiliko ya ghafla: kutoka kidoleni kwenda maji yanayochemka, halafu bombani.

Bi Zuhura, Mombasa
Mwanangu, lulu usizitumbukize kwenye bakuli hilo. Wala ndimu wala siki karibu yake, asidi huila lulu. Kitambaa laini chenye unyevu, upanguse kila uvuapo, basi. Manukato na mafuta jipake kwanza, ukishakauka ndipo uvae. Na usizilaze pamoja na hiyo pete, almasi itazichora. Kila kitu na kifuko chake.

Mama Nasri
Asanteni sana! Nimefuata maelekezo ya fundi, unga mkavu umetoka chini ya jiwe mpaka nikaona aibu. Vialmasi vinawaka. Ila sasa nikiitikisa karibu na sikio nasikia kama kitu kinagonga ndani.

Fundi Vito AR
Usiivae tena. Vile vikucha vinavyoshika mawe vimelegea, uchafu ndio ulikuwa umelizuia jiwe lisicheze. Itie kwenye kifuko, umpelekee sonara avikaze. Mwambie mapema: hakuna mashine, na kama kuna pa kuchomelea, tanzanite itolewe kwanza. Moto wa kuchomelea ukilifikia jiwe likiwa mahali pake, umelipoteza.

Mama Nasri
Hapo kwenye kutolewa ndipo panaponitia hofu. Nitajuaje amerudisha jiwe langu?

Fundi Vito AR
Ipige picha mchana, dirishani, juu na chini. Baadaye uilinganishe mahali pale pale, kwa sababu chini ya taa ya njano tanzanite inavuta zambarau na unaweza kumsingizia mtu wa watu. Mwombe akuonyeshe jiwe kwa lenzi yake kabla hajaanza. Karibu kila jiwe lina kialama chake ndani, kakistari au kadoa, kikariri. Uzito wa pete na vipimo vya jiwe viandikwe kwenye risiti.

Mdadisi77
Na kama hataki kuandika?

Fundi Vito AR
Unabeba pete yako unaenda kwa mwingine.

Bi Zuhura, Mombasa
Na akikubali pia, keti hapo hapo mbele yake mpaka amalize. Akikwambia nenda ukanywe chai urudi, mwambie umefunga.